Kumpa Mtu Steji Si Kumkopesha

Wacha niseme kitu ambacho najua kitaniletea maneno kwa komenti: ukimsaidia msanii hadi akaomoka, hajawa wako. Hata kama ni wewe ulimshikia maiki ya kwanza.

Siku hizi kila mtu Nairobi ana orodha ya watu "aliowatoa". Fulani hakuwa na kitu, mimi ndio nilimposti. Fulani alilala kwangu miezi mitatu. Fulani sai hata hashiki simu. Tunaongea ni kama kupenda kazi ya mtu ni mkopo wa simu, na kila siku asipotutaja deni linapanda.

Sasa sikia hii ya Joan Baez na Bob Dylan. Kama uliona A Complete Unknown, ile filamu Timothée Chalamet anaigiza Dylan, unawajua kidogo. Lakini hiyo ni filamu ya Dylan. Mimi leo namtaka Joan.

Rudi Marekani, 1963. Joan ana miaka 22 na tayari ni staa. Novemba ya mwaka uliopita alikuwa kwa jalada la jarida la Time. Akitangaza shoo, maelfu wanajaa. Bob pia ana 22. Albamu yake ya kwanza, ya 1962, ilipita kimya, na nje ya mashabiki wa folk watu wengi hawamjui. Halafu wote wawili waliacha chuo: Joan alikaa Boston University wiki chache tu, Bob akatoka University of Minnesota baada ya mwaka mmoja. Simwambii mtu aache shule. Natoa tu taarifa kwa wazazi wangu, najua wanasoma.

Wakati huo Joan alikuwa anaimba sana nyimbo za kale, zile hazina mwenyewe. Sauti alikuwa nayo. Kisha akasikia vile Bob anaandika. Alichofanya ni hiki: katikati ya shoo yake mwenyewe, anamwita Bob steji. Watu wamelipa kumwona Joan, wanaletewa kijana wa nywele timtim, sauti ya kukwaruza. Wengine walikasirika, wengine wakamzomea. Joan mwenyewe amesimulia hayo. Na shoo iliyofuata akamwita tena.

Ndiyo, walipendana pia. Lakini mapenzi peke yake hayakufanyi uhatarishe jina lako kila usiku mbele ya watu wanaozomea. Aliamini zile nyimbo.

1965 mambo yakageuka. Bob sasa ndiye mkubwa, anaenda kupiga shoo Uingereza. Joan akaandamana naye, akitarajia ataitwa steji vile yeye alivyomwita. Hakuitwa. Hata mara moja. Kamera zilikuwepo, na ziara hiyo ndiyo ikawa filamu ya Dont Look Back, iliyotoka 1967. Yaani baridi uliyopigwa inakuwa dokumentari, na watu wanaiangalia hadi leo.

Ingekuwa sisi? Laivu ya masaa matatu. "Nimenyamaza vya kutosha."

Joan alifanya nini? 1968 alitoa Any Day Now, albamu ya sahani mbili, na kila wimbo ndani yake ni wa Dylan. Miaka mitatu tu baada ya Uingereza! Na sio ati alijifanya hakuumia. 1975 alitoa Diamonds & Rust, wimbo kuhusu mapenzi hayo, na ukitaka kujua kama alijifunza kuandika, anza na huo. Mwaka huohuo, vuli, akaingia kwa msafara wa Dylan wa Rolling Thunder Revue, wakaimba pamoja tena. Hadi ziara yake ya kuaga, iliyoisha 2019, bado alikuwa anaimba nyimbo za Bob.

Nikiwaambia hii story, mabeshte wangu husema dem alikuwa anajipendekeza. Mimi sioni hivyo. Naona mtu aliyeweza kushika vitu viwili kwa mkono mmoja: huyu jamaa aliniumiza, na huyu jamaa anajua kuandika. Cha kwanza hakifuti cha pili.

Hii inanigusa kwa sababu kuna msee wa gitaa nilizunguka naye baada ya kutoka kampasi. Mimi MC, yeye anaimba. Thika, Nakuru, Eldoret, zile shoo malipo ni fare na chipsi. Kwa mat alikuwa na daftari. Anaandika mstari mmoja kutoka Naivasha hadi Gilgil, anaufuta, anaanza upya. Alikuwa na wimbo kuhusu mamake akihesabu sarafu za unga. Mwanzoni ulikuwa na neno umaskini. Siku moja akalitoa, akaacha sarafu tu, na watu wakaanza kulia. Kila skripti ninayoandika sai, natafuta neno la kutoa. Nilijifunza kwake.

Leo ana meneja na steji kubwa. Kwa mahojiano anasimulia alivyoanza, na mimi simo. Iliniuma, sitawadanganya. Akitoa wimbo mpya naposti, na inboksi inajaa: "Na vile alikusahau?" Jibu langu ni moja. Wimbo haujanikosea. Nikisema ni mbaya kwa sababu simo kwa story yake, nitakuwa nadanganya masikio yangu mwenyewe, na hayo ndiyo kitu pekee nilicho nacho kwa hii kazi.

Pesa lakini ni story ingine. Kama mtu ana doh yako, dai. Andikeni makubaliano mapema, hata kama ni kwa WhatsApp. Usijifanye Joan Baez na huku rent imefika.

2015, kwenye hotuba ya tuzo ya MusiCares, Dylan alisimama mbele ya watu akamwita Joan malkia wa muziki wa folk, wakati ule na hata sasa, na akakumbusha kwamba alipenda nyimbo zake na kumpeleka kwa shoo zake. Poa sana. Lakini hesabu: 1963 hadi 2015 ni miaka 52. Huwezi kupanga maisha yako ukingoja hotuba.

Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Ile ya kutenda tunaikumbuka sana, tena tunaiposti. Hii ya kwenda zako ndiyo imetushinda.