Amana ya Rabai

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga, na wahubiri wengi wa Kenya wameichukua methali hii wakaifanya nusu ya Injili. Hazipiti Jumapili nyingi kabla haijasikika mimbarini. Vumilia, ndugu mwumini, na embe lako litaiva: kazi itapatikana, mchumba atatokea, shahada itasomwa, karo ya watoto italipika. Katika mahubiri ya aina hii uaminifu hugeuzwa kuwa hundi, na Mungu akawa karani wa benki ambaye hana budi kuilipa siku yake ikiwadia. Waumini huondoka wakiwa wamefarijika. Yule ambaye embe lake halikuiva huondoka kimya, akijiuliza ni wapi alipokosea.

Inaelekea lugha ya Kiswahili yenyewe haikubaliani na mahubiri hayo. Mwanafunzi yeyote wa isimu anajua kwamba maneno amini, imani, amani, amana na mwaminifu yamechipuka kutoka kwenye shina moja la Kiarabu. Hata Amina inayofunga sala ni ndugu yao wa mbali kupitia Kiebrania. Katika ukoo huu, jamaa anayesahaulika zaidi ni amana, ilhali ndiye anayewafafanua wenziwe. Amana huwekwa, hutunzwa, hurudishwa. Anayeiweka kwake hana haki ya kuila, iwe mbichi au mbivu. Mwaminifu, kwa maana hii, ni mtu ambaye kitu cha mwingine hukaa salama mikononi mwake. Kigiriki cha Agano Jipya nacho kina neno moja, pistis, linalobeba imani na uaminifu kwa pamoja. Ndiyo sababu wafasiri walipolikuta katika orodha ya matunda ya Roho, kwenye sura ya tano ya Wagalatia, iliwabidi wachague, na Biblia ya Kiswahili ikachagua uaminifu. Paulo naye, akiwaandikia Wakorintho habari za mawakili, alidai sifa moja tu kwa wakili. Mavuno hakuyataja.

Kama kuna mahali katika Kenya ambapo fasiri hizi mbili za uaminifu, ile ya embe na ile ya amana, zinaweza kupimwa dhidi ya maisha ya mtu, basi mahali hapo ni Rabai.

Rabai iko juu ya vilima, kilomita ishirini na kitu kutoka Mombasa, katika nchi ya Warabai, mojawapo ya jamaa za Mijikenda. Wanafunzi wa Kiswahili huipitia katika mihadhara ya historia ya lugha kwa sababu ya mtu mmoja, Johann Ludwig Krapf, na hawakosei. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Juni mwaka huo alikuwa amekwisha kuanza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji (jambo linalostahili kukumbukwa kila mara watu wanapodhani kwamba Waislamu na Wakristo wa Pwani walijua kubishana tu). Mwezi Julai akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, miezi michache baada ya kifo chake. Jina lake limo katika kila kitabu.

Mwenzake hutajwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo aghalabu huhusu mlima. Johannes Rebmann, mzaliwa wa Gerlingen katika Württemberg, Ujerumani, alishuka Mombasa mwezi Juni 1846 akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 25 Agosti mwaka huo yeye na Krapf walihamia Rabai, wote wawili wakiwa na homa. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875. Hiyo ni miaka 29, na katika muda huo wote hakurudi Ulaya hata mara moja. Safari yake ndefu ya kaskazini ilimfikisha Misri, ambako mwaka 1851 alifunga ndoa na Emma Tyler, kisha wakarudi pamoja. Walimpoteza mtoto wao angali mchanga. Emma mwenyewe alifariki mwaka 1866, na mumewe akaendelea kukaa.

Habari ya mlima nayo haifai kuachwa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mtihani wa kwanza. Tarehe 11 Mei 1848, akisafiri kuelekea Uchagani chini ya uongozi wa Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za misafara, Rebmann aliona kilele cheupe mbele yake. Alipouliza ni nini, Bwana Kheri alimjibu kwa neno moja: baridi. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita jibu hilo haraka. Bwana Kheri hakuwa na jina la kitu kile katika lugha yake, na hakulibuni. Alitaja alichokijua, kwamba kule juu mtu huona baridi. Rebmann, aliyekulia katika nchi ya theluji, aliliongeza neno lililokosekana. Habari zilipochapishwa Uingereza mwaka 1849, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia aliyekuwa London na ambaye hakuwahi kuuona mlima huo, alizikanusha, na mwaka 1852 akazikanusha tena kitabuni. Theluji karibu na ikweta! Ilimchukua Karl Klaus von der Decken, aliyefika huko mwaka 1861 na kupanda sehemu ya mlima mwaka 1862, kuimaliza hoja. Muda wote huo yule aliyeitwa mwongo alikuwa Pwani akifundisha watu wachache na kuandika maneno katika daftari.

Uaminifu wa shahidi ni huo. Aliyeona husema alichokiona, kisha humwachia wakati kazi ya kumtetea. Lakini kesi hii ni nyepesi, kwa sababu hatimaye ilishindwa na wenye ukweli, na embe likaiva. Kesi nzito ni ile ya Rabai yenyewe.

Rebmann alivuna nini? Kwa hesabu za wamisionari, karibu sifuri. Waliobatizwa walikuwa wachache mno. Mara tatu alisafiri hadi Uchagani, na katika safari ya tatu, mwaka 1849, Mamkinga, mtawala wa Machame, alimpokonya bidhaa zake karibu zote, akarudi Pwani mgonjwa. Mwaka 1857 mashambulizi ya Wamaasai yalimwondoa Rabai akakaa Zanzibar kwa muda, kisha akarudi. Mwaka huohuo Richard Burton alifika akitaka kumchukua katika safari yake ya kutafuta maziwa makuu, safari ambayo ingempa jina kubwa. Rebmann alikataa. Sir Bartle Frere alipozuru mwaka 1873 kuhusu suala la kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mtu ambaye macho yake yamekaribia kuzimika, mwenye kundi dogo la waumini na rundo kubwa la miswada.

Ni rahisi mno kumwita mtu kama huyu mwaminifu kisha kufunga kitabu. Krapf, aliyempenda, hakuona hivyo daima. Krapf alitaka mlolongo wa vituo vya misheni uivuke Afrika kutoka mashariki hadi magharibi, na alihuzunishwa na mwenzake aliyetaka kukaa mahali pamoja na kuwafahamu watu kwanza. Wamisionari vijana waliokuja baadaye walimwona Rebmann kuwa mzito na mgumu kufanya kazi naye. Na hapo panazuka swali ambalo wahubiri wa mvumilivu hula mbivu hawaliulizi kamwe. Katika mfano wa talanta, sura ya ishirini na tano ya Mathayo, yule mtumwa wa tatu naye alitunza amana. Aliifukia ardhini, ikakaa salama, akairudisha kamili bila kupungua senti. Kama uaminifu ni kutunza tu, mtu huyo alikuwa mwaminifu kupita wote, ilhali bwana wake alimfukuza. Je, Rebmann alikuwa ameifukia talanta yake katika udongo wa Rabai kwa miaka 29 akauita ukaidi wake kwa jina la imani? Watu wa namna hiyo wapo, na makanisa yanawajua. Kuna mzee wa kanisa asiyeachia kiti chake kwa sababu aliitwa, na kuna mwalimu anayesoma maandishi yaleyale yaliyofifia kila mwaka na kujiona msimamizi wa mapokeo. Kukaa si fadhila peke yake.

Tofauti, inaelekea, iko katika kile mtu anachokifanya na siku zake wakati hakuna anayemtazama. Mtumwa wa tatu alichimba shimo mara moja, basi. Rebmann aliamka kila asubuhi akauliza: hiki kinaitwaje? Alikusanya maneno ya Kirabai, ya Kiswahili, na ya lugha moja ambayo hakuwahi kuikanyaga nchi yake. Kuanzia mwaka 1853 alikaa na Salimini, mtumwa aliyetekwa katika nchi za Ziwa Nyasa na kufikishwa Mombasa, na kutoka kinywani mwake akaandika kamusi nzima ya Kinyasa. Kazi hiyo ilianza miaka kadhaa kabla ya Livingstone kulifikia ziwa hilo mwaka 1859. Anayefahamu kazi ya kamusi anajua kwamba haifanyiki kwa msisimko. Neno moja huulizwa leo, likaulizwa tena kesho katika sentensi nyingine, likarekebishwa mwezi ujao. Anayehitaji tunda la haraka huiacha kazi hiyo kabla hajamaliza herufi ya kwanza.

Na Salimini je? Hapa sifa hazina budi kugawanywa upya, tena kwa haki. Mwenye amana alikuwa yeye. Alikuwa amenyang'anywa nchi, jamaa na uhuru, na kitu pekee ambacho watekaji hawakuweza kukinyang'anya kilikuwa lugha ya mama yake. Alikitoa neno kwa neno, kwa mgeni, katika mji ambamo yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu. Hakuna mahubiri yanayomtaja Salimini miongoni mwa waaminifu, kwa kuwa hakuna anayeuliza kama aliamini. Hata hivyo, kwa fasiri ya amana, ni vigumu kumpata mwaminifu wa kumzidi. Inatia aibu kidogo kwamba historia ya isimu ya Afrika Mashariki imezoea kumwita msaidizi.

Ndivyo ilivyo pia kwa Isaac Nyondo. Baba yake, Abe Gunja, alikuwa miongoni mwa Warabai wachache waliobatizwa na Rebmann. Mwaka 1875 hatimaye Rebmann alilazimika kuondoka, kwa kuwa hakuweza tena kuona njia. Nyondo ndiye aliyesafiri naye hadi Ulaya akimwongoza. Hesabu za misheni zilizoandika wongofu wa watu wachache kama kushindwa hazikuwa na safu ya kuandikia jambo hili: kwamba kijana wa Rabai alikubali kuiacha nchi yake, akavuka bahari, ili kipofu asijikwae. Barua kwa Waebrania, katika sura yake ya kumi na moja, ina orodha ndefu ya watu waliokufa bila kuipokea ahadi. Wahubiri hawapendi kumalizia orodha hiyo. Huanza na Ibrahimu na Musa kwa sauti kuu, kisha hushuka haraka.

Huko kwao Rebmann alikaa Korntal, karibu na Krapf. Wale wawili ambao hawakukubaliana kuhusu namna ya kuiendea Afrika walizeeka katika kijiji kimoja cha Ujerumani, mmoja akiwa na macho na mwingine hana. Madaktari walijaribu kuyatibu macho ya Rebmann bila mafanikio. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Mwaka huohuo Injili ya Luka aliyoifasiri kwa Kiswahili cha Mombasa ilichapwa, lakini haikudumu mikononi mwa watu. Lahaja ya Unguja, iliyokuwa ikiandikwa na Edward Steere na wenzake, ndiyo iliyoshika njia, na ndiyo iliyofanywa msingi wa Kiswahili sanifu miaka ya 1930. Embe hilo pia lilianguka likiwa bichi.

Miswada ya Kinyasa ilibaki kwa Krapf. Alikuwa na umri wa miaka 66, na kamusi yake mwenyewe ya Kiswahili ilikuwa bado haijachapishwa. Aliiweka kando, akaketi na mwandiko wa mtu aliyekuwa amebishana naye, akausahihisha ukurasa baada ya ukurasa, maneno ya nchi ambayo yeye pia hakuwahi kuiona, yaliyotoka kwa mtumwa aliyeitwa Salimini. Kamusi ilichapwa karibu na Basel mwaka 1877, na juu ya jalada lake Krapf aliacha jina la Rebmann kuwa mtungaji.