Kufanywa Upya Kila Siku

Vijana wetu wanaosomea uhandisi wa kompyuta hutueleza mambo ambayo hatukuyasoma chuo cha theolojia. Chipu ya kawaida, wanasema, ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa: kazi iliyopewa kiwandani haibadiliki. Lakini mwaka 1985 Ross Freeman na wenzake wa kampuni ya Xilinx, huko Marekani, walitoa chipu ya aina nyingine, iitwayo FPGA. Hii ni kama udongo mbichi. Njia zake za ndani hupangwa upya hata ikiwa tayari kazini. Ndiyo maana inafaa kwenye mitandao ya kompyuta: leo inachuja data zinazopita, kesho taratibu za mawasiliano zikibadilika, inapewa kazi mpya bila kutupwa.

Lililotugusa zaidi ni hili: nyingi za chipu hizo, umeme ukizimika, husahau yote. Umeme ukirudi, hupangwa tena tangu mwanzo.

Wapendwa, nasi ndivyo tulivyo. Tumebatizwa mara moja, lakini Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anatufundisha kuurudia ubatizo wetu kila siku kwa toba, utu wa kale ufe na mtu mpya ainuke. Hatuishi kwa toba ya jana.

Basi ndugu aliyetengwa tusimhesabu kuwa chungu kilichochomwa. Mungu hajamtupa. Anaporudi kundini, tumsogezee nafasi kwenye benchi, kwa maana asubuhi hiyo sisi sote tumeanza upya.