Karani wa Askofu na Mvua ya 1315

Utafiti wangu wa uzamivu niliufanya Winchester, kusini mwa Uingereza, nikisoma hesabu za mashamba ya askofu wa mji huo. Hati ya kwanza iliyobaki ni ya 1208-1209, kwa Kilatini cha mkato. Karani hakuwa na haja ya kuandika habari za hali ya hewa. Aliitaja pale tu fedha au nafaka ilipopungua: nyasi hazikukatwa kwa kuwa bonde lilifurika, kinu cha maji kilisimama kwa ukame. Mwaka 1960 mwanahistoria J. Z. Titow alichapisha orodha ya sababu hizo, nami nikaanzia alipoishia yeye.

Kujua mavuno kulitaka subira. Hesabu zilifungwa tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Mikaeli, hivyo mbegu imeandikwa katika hati ya mwaka huu na mavuno yake katika hati ya mwaka unaofuata. Ikipotea hati moja, yanakosekana mavuno ya miaka miwili. Kwa kawaida ngano ilizaa takriban mara nne ya mbegu. Mwaka 1315 na 1316 mvua haikukatika, na mavuno yakaanguka hadi karibu nusu ya hayo. Kisha, mnamo 1319, ng'ombe wakaanza kufa, maksai wa kulimia wakiwamo. Wataalamu wengi hudhani ilikuwa sotoka. Sisi tuliozaliwa kwa wafugaji, tukasimuliwa sotoka ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1890, kurasa hizo hatuzipiti haraka.

Leo nasimamia wanafunzi wa uzamivu. Wengi huja na takwimu za pete za miti, na nafurahi, kwani nafasi ni nyingi: mlipuko mkubwa wa 1257 ulitambuliwa kuwa wa volkeno ya Samalas, Indonesia, mwaka 2013 tu, na athari zake mashambani Ulaya bado tunazibishania. Hata hivyo nawasihi waanze na Kilatini na mwandiko wa makarani. Pete za mti zitakuonyesha kiangazi cha baridi; ni karani atakayekuonyesha mbegu iliyonunuliwa kwa bei ya njaa.

Katika hesabu hizo hizo za askofu, samaki wamesahaulika mno. Mwanafunzi wangu mmoja anafuatilia bwawa la Alresford, karibu na Winchester, lililojengwa enzi za Askofu Godfrey de Lucy. Gharama za kukarabati tuta ameshazipata. Sasa anatafuta nani aliruhusiwa kuvua.