Jani Moja, Fuo Mbili

Barabara itokayo Mbinga huteremka milima ya Wamatengo, ikayaacha mashamba ya kahawa na mashimo ya ngoro, hata ikafika Mbamba Bay, ambako maji ya Nyasa hutanda mpaka jicho likachoka. Ng'ambo ya pili ni Nkhata Bay, nchi ya Malawi. Mpaka baina yao ungali na mzozo uliozaliwa na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890: Tanzania husema unapita katikati ya ziwa, Malawi husema unafuata ufuo wa mashariki.

Mzozo huo wa maji unajulikana. Usiotajwa sana ni ule wa jani. Ufuo huu huitwa bangi, ule huitwa chamba. Na jina bangi, kama wajuavyo watu wa pwani, asili yake ni Bara Hindi, likaja kwa bahari kama yalivyokuja maneno mengi ya jikoni na dukani. Mwaka 1925, huko Geneva, kwa shauri la Misri, mmea huu uliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa afyuni. Wakulima wa Ruvuma hawakuulizwa.

Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 1995, kisha mwaka 2015 ikaifuta na kuweka nyingine kali zaidi, yenye Mamlaka yake maalumu. Mahakama zimekwisha kuwafunga wakulima wa bangi miaka 30: kijana akiingia gerezani hutoka mzee. Malawi nayo, mwezi Februari 2020, ilipitisha sheria ya kuruhusu kilimo cha mmea huo huo kwa dawa na viwanda, kwa leseni. Mwezi Desemba mwaka huo Tume ya Umoja wa Mataifa ikauondoa katika jedwali la dawa za hatari kupindukia, ingawa haikuufungulia mlango.

Asidhani mtu kwamba ng'ambo kuna uhuru. Kuvuta kungali ni kosa, na leseni inataka ada na masharti ambayo mwenye kishamba chake kimoja hayafikii. Kwa hiyo jani limehalalishwa kwa mwenye mtaji, na mkulima aliyelijua tangu babu amebaki alipokuwa, polisi akimtazama.

Wala hofu ya serikali si ya bure. Wapo wazazi, bara na visiwani, waliowaona watoto wao wakipotewa na akili, na machozi yao hayafutwi na hesabu za biashara.

Lakini nchi hii ya Wangoni na Wamatengo inajua jani likidhibitiwa huwaje. Mwaka 1936 kiliundwa hapa chama cha ushirika cha NGOMAT, kwa ajili ya tumbaku. Tumbaku, ambayo nayo huua, ilipewa mizani, daraja, ghala na stakabadhi. Afisa alikagua, mkulima akalipwa. Hapana aliyepanda tumbaku akafungwa miaka 30. Tofauti ya majani haya mawili haikuamuliwa na sumu iliyomo ndani yao peke yake. Iliamuliwa pia na nani alikuwa mnunuzi, na alikaa mji gani.

Siku Dodoma itakapoifungua tena sheria ya mwaka 2015, wa kuitwa kwanza ni wale walioshika mizani hiyo: wazee wa ushirika wa Mbinga, kabla ya kampuni yoyote yenye ada mkononi.