Namba ya Miwani Sio Namba ya Lenzi

Wasee, leo sina utani mwingi. Nina deni kwenu.

Mnakumbuka ile video yangu ya kuaga miwani? Ile niliwaambia mpige picha karatasi yenu ya miwani, mtumie muuzaji, na kesho yake lenzi zimefika. Nimeifuta. Acha niwaambie kwa nini.

Mimi huvaa miwani tangu darasa la sita. Namba yangu ni -6.00 macho yote mawili. Bila miwani, matatu ya Rongai na ya Ngong ni kitu kimoja mpaka makanga apige kelele. Lakini kwa kamera miwani ilinikera: taa inameremeta kwa vioo, macho yanaonekana madogo. Nikaagiza lenzi mtandaoni. Muuzaji hakuuliza swali hata moja. Aliangalia karatasi ya miwani, akanitumia -6.00. Nilipozivaa nilisoma mpaka bango la ng'ambo ya barabara. Siku hiyo hiyo nikarekodi video.

Wiki haijaisha, kila nikikaa kuedit, kichwa kinagonga. Jicho la kushoto likawa jekundu, linakwaruza kama lina mchanga. Nikalaumu usingizi, nikalaumu simu. Kisha binti mmoja akaniandikia: "Nilinunua kama zako. Jicho linaniuma na naogopa kumwambia mathe." Hapo nilishtuka. Nikamwambia azitoe, amwambie mamake ukweli, waende kliniki. Na mimi nikaenda kupiga foleni.

Mtaalamu wa macho alinichorea kwa karatasi. Kioo cha miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho. Lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe. Ukisogeza kioo cha namba ya kutoa karibu na jicho, kinafanya kazi kwa nguvu zaidi, kwa hivyo lazima namba ipunguzwe. -6.00 yangu inakuwa karibu -5.60, na kwa sababu lenzi huja kwa hatua za 0.25, nilifaa kupewa -5.50. Kwa wenye namba ya kujumlisha ni kinyume: lenzi inahitaji nguvu zaidi kuliko miwani. Chini ya 4.00 tofauti ni ndogo sana. Ndiyo maana beshte yako wa -1.50 atakuapia namba ni ile ile, na hadanganyi.

Nikamuuliza, sasa mbona nilikuwa naona fiti? Akasema jicho la kijana lina uwezo wa kujikaza kufidia nguvu iliyozidi. Linakaza mchana kutwa, na ukiangalia simu au kompyuta linakaza hata zaidi. Kumbe kile kichwa kilitoka hapo.

Na namba ni nusu tu ya hadithi. Karatasi ya lenzi ina BC, yaani mpindo wa lenzi, kwa mfano 8.6, na DIA, yaani upana wake, kwa mfano 14.2, pamoja na jina la lenzi yenyewe. Karatasi ya miwani haina hivyo vitu, kwa sababu miwani haigusi jicho. Lenzi lazima ilingane na umbo la konea yako, na mtu aiangalie ikiwa jichoni. Yangu ilikuwa imebana. Hata zile za rangi zisizo na namba zinahitaji kupimwa.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na kuna watu hupenda kunikumbusha. Huwa nawajibu kwamba najifunza mwenyewe. Ni kweli, najifunza. Lakini hapa sikujifunza, nilikisia, halafu nikawauzia ninyi makisio yangu na mkaniamini. Nilikuwa naepa pesa ya kupimwa tu.

Yule binti amepona. Mimi pia. Tungeweza kukosa hiyo bahati.

Kama ulinunua kwa sababu yangu na jicho ni jekundu, linauma, linaona ukungu au linaogopa mwanga, toa lenzi sasa hivi, kabla hata hujamaliza kusoma. Nenda uonwe leo, na ubebe lenzi na kikopo chake. Kama hauna shida yoyote, bado nenda upimwe uitishe karatasi ya lenzi, sio ya miwani.

Kwa sasa nimerudia miwani. Taa itameremeta tu, mtanivumilia.