Nilimlaumu Dobi Bure

Wahenga walitukanya tusimlaumu dobi, kwani kaniki ndiyo rangi yake. Mimi nilimlaumu, tena mbele ya mama yake, na dobi mwenyewe alikuwa mwanangu wa kuzaa.

Sisi ni wakazi wa Suam, mpakani mwa Kenya na Uganda, yapata kilomita 45 kutoka mjini Kitale. Hapa mto ndio mpaka. Nikisimama uani, namwona jirani wa ng'ambo akianika mahindi yake. Kijana wangu alikuwa amejiunga na chuo kinachofundisha kwa njia ya intaneti, na kila jioni aliunganisha tarakilishi na simu yangu ili apate masomo. Ajabu ni kwamba masomo yalikatikakatika, na salio langu likayeyuka kama chumvi majini, ilhali bando nililonunua lilikuwa bado halijaisha.

Nikakata shauri kwamba kijana anatazama filamu. Nikamwambia waziwazi kuwa karo ya muhula ujao ajitafutie mwenyewe. Hakubishana nami. Alisema tu, "Baba, nipe siku tatu."

Usiku huo aliandika kijiprogramu cha mistari isiyozidi thelathini. Kazi yake ni kubisha hodi mara mbili kila baada ya sekunde kumi. Hodi ya kwanza huiendea simu iliyo hapo mezani, ya pili huiendea tarakilishi fulani ya mbali. Zote zikiitikiwa, kitone cha kijani huwaka pembeni mwa kioo. Simu ikiitika lakini huko mbali kukawa kimya, kitone hugeuka manjano. Simu nayo ikinyamaza, huwa chekundu. Kila rangi inapobadilika, saa huandikwa kwenye faili.

Alinieleza kuwa hodi hiyo huitwa ping. Ilibuniwa mwaka wa 1983 na Mmarekani, Mike Muuss, aliyeazima jina kutoka kwa mlio unaotumwa chini ya maji ili mwangwi wake usikilizwe.

Siku ya tatu aliniletea orodha. Chekundu hakikutokea hata mara moja. Manjano yalitokea mara saba, yote baada ya magharibi, na kila mara kwa muda wa dakika moja hivi.

"Sasa, Baba, tuangalie ujumbe ulioingia simuni saa hizo."

Lo! Orodha ilipoonyesha 19:42, simu ilikuwa na ujumbe wa 19:43 ukinikaribisha Uganda. Ndivyo ilivyokuwa mara zote saba. Nami nilikuwa nikiupita ujumbe huo bila kuusoma, nikidhani ni matangazo.

Mambo yakawa bayana. Giza likiingia, mimi huiweka simu ichaji kwenye dirisha linaloelekea mtoni. Hapo mawimbi ya minara ya ng'ambo yana nguvu kuliko ya kwetu, basi simu huuacha mnara wa Kenya na kuushika wa Uganda. Bando langu halitumiki huko, kwa hivyo gharama hukatwa kwenye salio. Na ni nani aliyeiruhusu simu kutumia intaneti ya ugenini? Ni mimi, siku nilipokwenda Kapchorwa kununua fahali, nikasahau kuifunga ruhusa hiyo niliporudi.

Tiba haikugharimu hata senti. Tuliifunga ruhusa, tukaiamuru simu ishike mtandao wa Kenya pekee badala ya kujichagulia, na chaja ikahamia upande wa pili wa nyumba.

Msomaji uliye Nairobi au Mombasa, huenda huna nchi ya pili dirishani. Lakini intaneti ikikatika nyumbani kwako, bisha hodi mbili kabla ya kumgombeza mtoto. Utajua kama kasoro imo ndani au iko nje.

Nilimwomba mwanangu msamaha mbele ya mama yake, palepale nilipomshutumu. Karo nimelipa.