Uongo Wangu wa Mshtarii

Wahenga walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliielekeza mbali, hadi kwenye sayari iliyo zaidi ya kilomita milioni 600 kutoka hapa, lakini haikumaliza hata siku mbili.

Ilikuwa likizo ya Desemba mwaka wa 2024, nyumbani kwetu Kongo. Sisemi ile nchi ya Kongo, nasema Kongo yetu ya Kawangware. Mjomba wangu hutunza bustani huko Lavington. Mwajiri wake alipohama nchi alimwachia sufuria, kiti kimoja na darubini yenye kioo cha milimita 114. Sufuria na kiti vilipata kazi siku hiyo hiyo. Darubini ilikaa juu ya kabati hadi jioni moja mjomba alipoisimamisha katikati ya ploti, baina ya kamba za nguo na mitungi ya maji.

Mwezi huo sayari ya Mshtarii ilikuwa ikichomoza mashariki jua linapotua. Iling'aa hivi kwamba hata taa ya mulika mwizi haikuweza kuificha. Watoto walipiga foleni. Mjomba alielekeza darubini, akaniachia usimamizi, akaingia ndani kula.

Mimi, msomi wa kidato cha pili, nilikuwa nimewahubiria watoto wote kuhusu Doa Jekundu Kubwa. Niliwaambia kwamba ni dhoruba iliyo pana kuliko dunia yetu nzima, na kwamba watu wameitazama kwa zaidi ya miaka 150. Basi nikainama kuchungulia. Lo! Niliona kijiduara kidogo kama punje ya mbaazi, kikitetemeka kana kwamba kiko ndani ya maji. Mistari miwili ya rangi ya chai ilikipita katikati. Kando yake kulikuwa na vinukta vinne, ile miezi ambayo Galileo aliiona mwaka wa 1610. Doa je? Wapi!

"Umeliona?" wakauliza wote kwa pamoja.

"Nimeliona! Jekundu kama nyanya!"

Kila aliyechungulia baada yangu alisema ameliona pia. Nani angekubali kuitwa mshamba? Dada yangu mdogo, mwenye miaka minane, ndiye aliyechungulia muda mrefu kuliko wote. Kisha akaondoka bila kusema neno.

Usiku nilimsikia akilia ndani ya blanketi. "Mama, macho yangu yameharibika. Watu wote wameona nyekundu, mimi sioni."

Asubuhi mama alifungua kile kitambaa anachofungia pesa za mboga, akahesabu nauli na pesa za daktari wa macho. Pesa zenyewe zilikuwa za karo yangu ya Januari. "Karo itangoja," alisema. "Macho hayangoji."

Chai ilinishinda kumeza. Jasho likanitoka. Nikasema yote, mbele ya mama na mjomba.

Mama hakunichapa. Alifunga kile kitambaa polepole, akanitazama. "Mimi unaniambia za nini? Mwambie yeye."

Kumwambia dada yangu ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo hata wewe hukuona?" Nikasema sikuona.

Mjomba alitikisa kichwa. "Haraka ya nini, bwana? Mshtarii hujizungusha mara moja kwa muda usiofika saa kumi. Doa likiwa upande wa nyuma, hata mwenye darubini kubwa haoni kitu. Tungengoja tu."

Usiku huo tulingoja, tumejifunika shuka, tukipokezana kila baada ya muda. Yapata saa nne dada yangu aliita, "We kaka! Mstari mmoja umeumwa! Kama mkate ulioumwa na panya!"

Nikachungulia. Sikuona kitu, na safari hii nilisema hivyo. Nikaendelea kutazama mpaka mgongo ukauma. Mara hewa ikatulia kwa sekunde mbili hivi na kijiduara kikaacha kutetemeka. Hapo nikaona pengo kwenye ukingo wa ule mkanda, na ndani yake rangi hafifu ya waridi iliyopauka. Haikufanana na nyanya hata kidogo.

Ama kweli, macho ya dada yangu ni mazima kuliko yangu. Karo ililipwa, ndiyo sababu ninaandika katika gazeti hili leo.

Siku hizi nina daftari la darubini. Nisipoona kitu ninaandika "sikuona", na neno hilo limejaza kurasa nyingi kuliko "niliona". Wenzangu, mkija Kongo mtachungulia bila malipo. Lakini dada yangu atakuwa amesimama hapo kando, naye atawauliza mmeona nini. Tafadhali msimdanganye.